Kibali cha Gisiri

Gisiri wangu amepata kazi ya kufuga samaki kule kisiwani Mfangano, Homa Bay! Mdogo wangu Rispa, hamjambo hapo Migori? Sisi huku Sirari tu wazima.

Wewe uliyekaa naye miaka miwili akifundisha shule ya hapo, hebu nieleze. Kwa kuwa Kenya yeye ni mgeni, kibali chake kimeandikwa mwalimu, Migori. Sasa watu wa uhamiaji wanataka kingine cha fundi wa samaki, Homa Bay. Mtu si ni yule yule? Na kichwa chake unakijua, hakuna kama hicho Tarime nzima! Na hao samaki, wanapewa pumba kama kuku?

Nilimuuliza, akanijibu, "Mama, mpaka kitoke siruhusiwi hata kuwarushia chakula." Anakaa ufukweni akiwatazama wenzake. Shule nayo imeshaajiri mwingine. Nami nimeshatangaza kanisani, watu wakashangilia.

Jibu ni Ijumaa. Wakikataa, atarudi nyumbani, na sitaki aingie kimyakimya kama mwizi. Kwa hiyo kuku nitachinja tu, wakubali wasikubali.

Mimi dada yako Nyasuguta, ninayewangoja nyote Jumapili, tarehe kumi na nne.