Kumzika Nyangwine Bila Nyangwine

Jumatano, 4 Juni 2025

Shule imefungwa. Madam Agustina ametupa kazi ya likizo: tuchore kitabu cha katuni, hadithi ya msichana anayekua baada ya kufiwa. Kufikia ukurasa wa mwisho lazima awe "amekubali". Vya maktaba nimevisoma vyote. Msichana ana chumba chake. Ana dirisha. Mvua inanyesha ukurasa mzima, hakuna neno. Halafu anaangalia mawingu, anatabasamu — basi, amekubali! Kwetu mvua ikinyesha tunakimbilia mahindi yaliyoanikwa. Hakuna wa kuangalia mawingu.

Nitamchora kaka Nyangwine. Shida ni kwamba hatujui kama amekufa. Alipanda lori pale Sirari, kazi ya utingo, nikiwa darasa la tano. Sasa niko kidato cha tatu. Kimya.

Ijumaa, 6 Juni

Baba mkubwa Kisyeri amekuja na wazee. Nyangwine anazikwa kesho. Watazika mgomba mahali pake, ndivyo ukoo wetu unavyofanya mtu akipotea na mwili usionekane. Haraka ya nini, baada ya miaka yote hii? Kumbe kaka Nashoni anataka kuoa, na mdogo hamtangulii mkubwa. Kwa hiyo mkubwa afe. Kaka Nashoni alijitahidi kuwa na huzuni. Mashavu yakamsaliti.

Nikauliza, akirudi je? Baba mkubwa akasema atachinjiwa mbuzi wa kumtakasa, nisiwe na wasiwasi, kila kitu kina utaratibu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mtu anafika nyumbani, anaonyeshwa kaburi lake, anakaribishwa nyama! Madam hajawahi kuchorewa hiyo.

Mama aliendelea kuchambua dagaa. Nimemkasirikia.

Jumamosi, 7 Juni

Wamekata mgomba. Mfupi! Kaka alikuwa anainama akipita mlangoni. Nikawaambia. Shangazi Scholastica akaniunga mkono, akasema ukatwe mwingine, tusije tukazika mtoto wa watu. Baba mkubwa akakataa — shimo limeshachimbwa, na huko aliko watu wote wanalingana. Walibishana mpaka chai ikapoa. Ukakatwa wa pili. Huu ukazidi shimo. Kaka Nashoni akashika panga aupunguze, akasimama, hajui aanzie kichwani au miguuni.

"Miguuni, mura," baba mkubwa akamwambia. "Kichwa ni heshima."

Nikakimbilia ndani. Nilitaka kucheka, nikaogopa kitakachotoka si kicheko. Naandikia huku chumbani kwa mama.

Wameita kutoka nje, mama atoe nguo ya mtoto, hawezi kwenda uchi. Mama ameingia, amefungua sanduku. Kwanza alitoa shati jeupe la kaka, la kanisani. Amelishika. Amelikunja upya, akalirudisha chini kabisa. Akachukua lile la shambani, limechanika kwapani. Ndipo akaona kwamba namwangalia.

Nikamwambia, mama, lile jeupe ndilo zuri.

"Nikiwapa hilo, akija atavaa nini?"

Akafunga sanduku. Akatoka.

Sasa analia huko nje, kwa sauti kubwa, kama inavyotakiwa. Shangazi anampokea kilio. Kaka Nashoni naye analia, na nadhani ni kweli. Baba mkubwa ananiita nikatupe udongo, wadogo ndio wanaomalizia.

Nimeitika kwamba nakuja. Bado nimekaa juu ya sanduku.