Rangi Mbili Kwenye Mguu wa Dada Yako

Hospitalini, Morogoro mjini

Shemeji yangu Gaudensi,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu msimu wenu wa kahawa uliopita. Mwanzoni ulikuwa uvivu wa kalamu. Baadaye likatokea jambo ambalo sikujua nilianzie wapi. Kabla sijalieleza, mama mkwe anaendeleaje na kifua chake? Nanyi wengine huko Mbinga, mu wazima? Mimi ni mzima. Dada yako si mzima, na sitaki uyasikie haya kwa madereva wa malori.

Veneranda amelazwa. Mguu wake wa kushoto huenda ukakatwa.

Alichomwa unyayoni na kijiti cha kuegemezea njegere, shambani kwetu Mgeta. Nilimwambia akioshe kidonda vizuri, kisha tushuke zahanati. Akanijibu, "Mwalimu, ukiugua wewe tutakupaka chaki. Mimi niache." Akaenda kwa Shomari.

Humjui Shomari, wala hujapoteza kitu. Alikuwa akiuza mitumba gulioni. Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kuuza atakacho, amevaa koti jeupe na kupanga vidonge kando ya betri na sabuni. Dawa yake kuu ni rangi mbili, vile vidonge vya unga, nusu vyekundu nusu vyeusi, anavyouza kimoja kimoja kama peremende. Huku kwetu mwenye kidonda hamezi kidonge hicho. Hukifungua na kumwaga unga wake juu ya kidonda.

"Hii inakausha, mama," alimwambia. "Jumapili unacheza ngoma."

Kidonda kikakauka kweli, kikafanya gamba gumu. Veneranda akaninyoshea unyayo kwa mbwembwe: "Usaha uko wapi, Mwalimu? Nionyeshe!"

Usaha ulikuwa chini ya gamba, unachimba. Haukupita muda, mtoki ukamvimba kinenani, homa ikapanda, na mguu ukawa mwekundu kuelekea gotini. Shomari alipoitwa aliutazama mguu huo akasema, "Mzee, tuongeze kimoja." Nilimfukuza kwa fimbo, na sijutii. Majirani wakambeba mgonjwa kwa machela hadi barabarani, akaletwa mjini amelala juu ya magunia ya kabichi.

Daktari alipolipasua gamba, usaha ulitoka mwingi hata nikageuza uso.

"Uchafu wote huo!" akasema dada yako.

Daktari ni mwanamke mkali, nami namheshimu kwa ukali huo. Alimkatiza: "Si uchafu, mama. Humo wamo askari wako waliokufa."

Akatueleza kwamba ndani ya damu zimo chembe nyeupe. Bakteria wakiingia jerahani, chembe hizo hujipenyeza nje ya mishipa, huwafuata mpaka walipo, huwazingira, huwameza na kuwayeyusha. Nyingi hufia kazini, na mizoga yake ndiyo sehemu kubwa ya usaha. Nyingine, za namna tofauti, hukusanyika kwenye mitoki. Hizo hujifunza kumtambua adui, hutengeneza kinga ya kumtia alama ili amezwe upesi, na baadhi yake humkumbuka kwa miaka mingi. Dawa husaidia kuwaua bakteria au kuwazuia wasizaane, lakini sharti ipite katika damu, kwa kipimo kamili. Ule unga ulifunga mlango tu, adui akabaki ndani akistawi.

Fikiria upuuzi huo, shemeji. Mwilini mwa mke wangu mna jeshi lisilodai mshahara wala kujitangaza kwa kibao cha rangi, na muuza mitumba amelifungia njia! Hata majirani waliokuja kumjulia hali walikuja na rangi mbili mifukoni. "Mpe kwa siri, Mwalimu," mmoja alininong'oneza, "sindano za hospitali zinachelewa." Nilimwonyesha mlango. Watu hawa wangenunua hata unga wa muhogo, mradi umetiwa kwenye ganda lenye rangi.

Sasa anachomwa sindano, na kesho watampima damu tena. Daktari amesema hivi: homa ikishuka na chembe nyeupe zikianza kurudi kwenye idadi yake ya kawaida, ni dalili kwamba vita vinaelekea kwisha, na mguu utabaki. Zikizidi kuongezeka na nyama ikiendelea kuoza, atakata chini ya goti.

Nilimuuliza Veneranda kama anaogopa. "Nani atapanda lile shamba?" akasema. "Wewe na chaki yako?" Kisha akanishika mkono wodini, mbele ya watu, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane. Hajauachia mpaka sasa. Ninaandika karatasi ikiwa juu ya goti.

Anasema ukija, usije na sura ya msiba. Mama mkwe mpe salamu zetu na umwambie tu kwamba binti yake alichomwa na kijiti. Msalimie mjomba wenu katekista, atuombee kwa maneno machache, na shangazi yenu aliyesimamia posa yetu, ambaye alinionya mapema kwamba mke huyu hasikii.

Daktari akishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kabla sijatia chakula kinywani.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu Kanisius