Nusu ya Maneno ya Daktari

Woodley, 14 Agosti 2006

Ndugu yangu Gathogo,

Huko Leeds mnaota jua? Hapa baridi ya Julai imekataa kuondoka. Mama yuko Kabiria, bado anakamua ng'ombe wake mwenyewe.

Uliuliza kwa nini hakupasuliwa ile saratani ya titi. Naona haya kukuandikia. Daktari Taranjit alieleza kwa Kiingereza, mimi nikamtafsiria Mama kwa Kikuyu. Alisema kidonda cha upasuaji huotesha mishipa mipya ya damu ili kipone, na mabaki ya saratani yanaweza kulishwa na mishipa hiyo. Kwa hivyo angemdunga kwanza sindano za kuamsha kinga ya mwili, ndipo ampasue.

Hayo ya sindano sikumwambia. Angekuja kuuguzwa kwangu miezi mitatu ya sindano, na mimi nilikuwa nimechoka kabla hajafika. Nilisema tu, "Kisu kitailisha saratani." Akajifunga kitambaa chake, tukaondoka.

Jumapili alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa binti aliyemwokoa na kisu. Akina mama wakanipigia makofi. Uvimbe sasa unaonekana juu ya nguo.

Mpigie simu, umwambie ile nusu nyingine. Mimi kila nikianza, ananibariki.

Dadako,
Nyakio