Kumshusha Kelvin

Jumatatu, 2 Oktoba 2006

Mazoezi kama kawaida. Nyasi zimelowa, baridi imeanza. Filimbi yangu haionekani. Kuna mtu kaichukua, na namjua.

Kelvin kabadilisha agizo tena. Kwenye futiboli hii ya Kimarekani ndiye kwotabeki wa timu yetu ya shule, anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi. Kocha mkuu, Bwana Harris, anaagiza: rusha kulia. Kelvin anawatazama walinzi, anapaza sauti, anarusha kushoto. Leo ilitiki. Akanigeukia mimi, msaidizi: "Relax, Coach. I got this." Ana miaka kumi na saba. Kichwa kimevimba.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tumefungwa kule Lanham. Agizo la mwisho Kelvin alilibadilisha tena, mpira ukadakwa na wao. Akacheka! Nilitaka kumzaba kibao.

Harris anataka kumweka benchi mbele ya watu, aone. Nimekataa. Kijana ukimwaibisha mbele ya wenzake, unavuna chuki tu. Halafu tarehe 21 anakuja mtu wa chuo kikuu kumtazama. Akimpenda, Kelvin atasoma bure. Asipomwona akicheza, basi tena. Mama yake hana uwezo huo.

Nimemwomba Harris aniachie. Sisi Waafrika tuna njia yetu.

Jumapili, 8 Oktoba

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nikaona nianze na mamaye.

Mama Kelvin ni Mkenya wa Nakuru, muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Kanikaribisha chai ya maziwa na mandazi. Nikamwaga yote: kiburi, kicheko, kutosikia. Hakubisha. "Asante kwa kuniambia, Mwalimu. Hiyo niachie mimi."

Nimerudi nikijisifu njia nzima.

Jumanne, 10 Oktoba

Gari la buluu nje ya uzio, baada ya mazoezi. Mtu mzima, koti zuri, kamshika Kelvin bega, anaongea naye taratibu. Kelvin kaniona, akageuza uso.

Sikuipenda.

Alhamisi, 12 Oktoba

Gari lile lile. Na Kelvin hakunisalimia. Kila siku "Niaje, Coach", leo kapita kama mimi nguzo.

Nasikia upande wa Bladensburg kuna watu wanaozunguka kuwarubuni vijana wahamie timu zao. Koti lile ni la mtu wa namna hiyo. Tumemlea sisi, wamle wao? Na mtoto mwenyewe anakubali! Nimekasirika.

Jumatano, 18 Oktoba

Gari tena. Nimemwambia Harris. Sina ushahidi, nina macho.

Hakuuliza mengi. Jumamosi Kelvin atakaa benchi, Andre ataanza. Sikumkumbusha kuhusu mtu wa chuo. Anajua. Najua.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mama Kelvin kapiga simu mchana, furaha tupu. Anasema Mungu anajibu. Jumapili ile ile niliyotoka kwake alilipeleka jambo kwenye kikundi cha maombi. Alisimama, akataja kiburi cha mwanawe, akina mama wakamwekea mikono na kumwombea kwa jina. Kelvin alikuwepo. Na wenzake wa kanisani pia walikuwepo. Halafu mzee mmoja wa kanisa akajitolea kuja shuleni kumnasihi.

"Ako na gari ya blue, Mwalimu. Si umemwona?"

Nimemwona.

Nilikataa aaibishwe mbele ya timu, nikamtafutia kanisa zima. Nimejichukia.

Nimemkimbilia Harris. Kasema Andre kashaambiwa ataanza, hawezi kumnyang'anya. Kelvin ataingia kipindi cha pili. Nimebembeleza. Kakataa.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mtu wa chuo alikuja. Alikaa juu kabisa, kofia ya kijivu. Kelvin alikaa benchi, mikono katikati ya magoti. Wakati wa mapumziko yule mtu alisimama, akanunua kahawa, akaenda zake. Alikuwa na mechi nyingine Bowie.

Kelvin akaingia. Kila alichoagizwa akafanya. Hakupaza sauti, hakubishana na mtu.

Dakika za mwisho tukiwa karibu na mstari wao, Harris aliagiza: rusha kulia. Kulia walinzi walikuwa wamejaa. Mimi niliona kutoka benchi. Kelvin aliona pia, maana aliinua kichwa akanitazama. Nikangoja abadilishe. Nilikuwa namwomba moyoni abadilishe.

Akarusha kulia. Ukadakwa.

Harris kanipigapiga mgongoni. Eti angalau sasa anasikia.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua kidogo. Filimbi nimeipata, ilikuwa mfukoni mwa koti langu la zamani.

Kelvin kafika kabla ya wote. Macho chini. "Shikamoo, Coach." Kwao hawana salamu hiyo, mama yake kamfundisha kwa ajili yangu, Mtanzania. Nikaitika marahaba. Nilitamani aseme niaje.

Nikamwomba radhi. Akasema ni sawa. Nikamwambia Jumamosi ijayo akiona kulia kumejaa, arushe kushoto, asimngoje mtu.

"Ukisema tu, Coach."

Akaenda kupanga koni. Nikapuliza filimbi, mazoezi yakaanza.