Kivuti Anaijua Njia ya Geidorf

Kiritiri,
9 Novemba 2024

Kwako mama yangu Kathambi,

Pokea salamu za nchi ya jua na vumbi. Huku sisi wazima. Mamako Celina ni mzima isipokuwa goti, na hilo goti huwa linauma tu siku ya kwenda kisimani. Mimi ni mzima kupita kiasi, nikipita watu wanauliza huyu mzee anakula nini. Na wewe? Unakula? Baridi ya huko haijakuingia kifua?

Barua yako ilifika siku ya soko, na Lorna wa posta akaniletea mpaka pale kwa mbuzi, watu wote wakiiona stempu. Kwa hivyo usiniambie tena habari ya simu. Simu ni ya kuuliza uko wapi. Barua mtu anaikunjua, anavaa miwani, anakohoa, na soko linanyamaza. Niliisoma mara tatu. Elphas, yule tunayeshindana naye kuuza mbuzi tangu ujana, akasema huo mtaa wako wa chuo nimeutunga mimi. Nikamwambia, Elphas, mimi nimefika Moyale, nimefika Mombasa, nimelala Busia nikachungulia Uganda na macho yangu. Mtu wa kutembea huzaa mtu wa kutembea. Akauliza ati nina watoto wangapi waliosoma hivyo. Nikamjibu, wapo. Hapo anajua siendi mbele.

Lakini mama, ulinibakisha na njaa. Uliandika tu kwamba ni mtaa wa chuo na una miti. Hata Kibugu kuna miti! Niambie njia inaanzia wapi, inapinda wapi, asubuhi unakutana na nani kwanza. Niliacha shule darasa la sita, ni kweli, lakini njia nikiambiwa mara moja haitoki kichwani. Jioni nikirudisha mbuzi nataka niwe natembea na wewe.

Mwalimu mmoja mgeni alishangaa kusikia nikimwita binti yangu mama. Nikamweleza: huyo alichukua jina la mama yangu, kwa hivyo mimi nina ruhusa ya kudeka.

Mwanao, ambaye pia ni babako,
Kivuti

*

Graz,
4 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Nafurahi kusikia mko wazima, na goti la mama naliambia pole hata kama linachagua siku. Mimi sijambo. Nakula. Kifua kiko sawa. Usiku ulioanguka theluji ya kwanza nilisimama dirishani nikawaza ungesema nini. Nadhani ungesema umeona kubwa kuliko hiyo Moyale.

Haya, shika njia. Ukitoka stesheni ya treni unapanda tremu, gari la reli linalopita katikati ya mji. Unavuka mto, unashuka kwenye uwanja mkubwa unaoitwa Hauptplatz. Kutoka hapo ni miguu. Unapanda barabara nyembamba ya Sporgasse, mpaka upite chini ya lango la zamani la mawe. Ukitoka langoni kuna bustani yenye miti mikubwa ya kastania. Hapo geuka nyuma uangalie juu kilimani: kuna mnara wa saa, na saa yake mkono mkubwa ndio wa saa, mdogo ndio wa dakika. Mwezi wangu wa kwanza nilichelewa darasani kwa sababu yake.

Ukivuka bustani umeingia Geidorf. Wanasema mwisho wa hilo jina maana yake ni kijiji, na kweli ni kijiji, ila shamba lao ni vitabu. Kuna kanisa dogo la mawe juu ya kilima kidogo, na kando yake barabara ya Zinzendorfgasse, ambako wanafunzi wanakula wakiwa wamesimama na baiskeli zimeegemezwa kila ukuta. Mbele ni jumba la chuo lenye sanamu za watu kwenye ukuta wake. Maktaba ni ya zamani, lakini juu yake wamejenga nyingine ya vioo, imetokeza mbele kama mtu aliyebeba kreti ya soda kichwani. Mimi husoma humo, habari za udongo na mvua. Halafu unafika Heinrichstrasse, nyumba ya manjano, ghorofa ya nne, ngazi tu. Wa kwanza ninayekutana naye asubuhi ni Bibi Gerlinde wa chini, mjane, anayenipa mafuta ya mbegu za boga, meusi kama oili ya trekta lakini matamu. Jumapili maduka yote yamefungwa na mtaa unanyamaza kabisa. Jumapili ndiyo siku mbaya, baba.

Njoo. Nakuomba uje mwezi wa nne. Kuna jambo nataka kukuambia tukiwa tumekaa mimi na wewe, si kwa barua. Usiniulize ni nini. Njoo tu.

Mama yako mdogo,
Kathambi

*

Kiritiri,
11 Januari 2025

Kwako mama yangu,

Natumaini umeamka vizuri na mwaka mpya umekupokea vizuri. Sisi tumeupokea na nyama.

Umesema nije? Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvaa viatu! Pasipoti ninayo tayari. Picha yake imetoka kali kidogo, mamako anasema ninafanana na mtu anayetafutwa. Intaviu ya viza ni tarehe ishirini Februari, Nairobi. Celina hatakuja, anasema ndege ni juu sana na goti lake ni chini.

Njia nimeishika. Kila jioni naitembea. Pale ng'ambo ya korongo ndio uwanja wa tremu, ule mlima wa kichuguu ndio Sporgasse, mti wetu wa mgunga ndio lango la mawe. Mbuzi wote sasa wamefika Geidorf, na yule beberu mwekundu anapenda kusimama pale maktaba. Habari ya saa niliwaeleza sokoni. Elphas akasema saa kama hiyo imeharibika. Nikamwambia, hapana, huko mkubwa ana kazi kubwa, na si wewe mzee mzima unafagia duka la mkeo.

Hilo jambo lako sitauliza. Lakini mama, ukisema usiulize, mtu hulala akiuliza. Kama ni ugonjwa nijulishe. Kama si ugonjwa, kingine chochote nitakibeba.

Mwanao na babako,
Kivuti

*

Graz,
30 Machi 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo huko? Miezi miwili sijapata barua yako, na wewe ni mtu wa kuandika hata mbuzi akikohoa. Nimempigia mama, anasema uko machungani. Nimempigia tena jioni, bado uko machungani. Baba, mbuzi gani hao wasiorudi nyumbani?

Mwezi wa nne ni keshokutwa. Bibi Gerlinde amekutolea kitanda cha marehemu mumewe, na mti wa kastania ulio karibu na lango unaanza kuchipua. Kila nikipita pale nageuka nyuma kama nilivyokufundisha wewe ugeuke.

Kama kuna ubaya niambie. Mimi siumwi, nakuapia. Lakini nakuhitaji.

Mama yako mdogo,
Kathambi

*

Kiritiri,
22 Aprili 2025

Kwako mama,

Nakusalimu na uso umeangalia chini. Afya ipo. Kilichopungua ni mdomo.

Walininyima. Nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu sijamwambia mtu mwingine isipokuwa Celina, na yeye nilimwambia nikiwa nimempa mgongo.

Nilivaa ile suti ya harusi ya kakako Ireri. Dirishani pale ubalozini alikuwa mwanamke mpole tu, anaongea Kiswahili kizuri kuliko changu. Akaniuliza, "Ukifika utakaa wapi?" Mama, nilimtembeza! Kutoka tremu mpaka ngazi zako, na saa ya mikono kinyume, na kreti ya soda. Akacheka. Akauliza, "Kwani ulishafika, mzee?" Nikamwambia, "Kwa barua." Akacheka tena. Nikaona viza hii hapa, imebaki kupigwa muhuri.

Halafu akaniuliza, "Una mifugo?"

"Ninayo. Mbuzi."

"Wangapi?"

"Wapo."

"Nataka namba, mzee."

"Wapo wa kutosha."

"Zaidi ya kumi?"

"Mama, wapo."

Akaandika. Akauliza, "Na watoto? Wangapi?" Nikamwambia, "Wapo." Akaniangalia hivi, si kwa ubaya. Akasema, "Mzee, nisaidie nikusaidie."

Wewe unajua. Tangu lini mtu wa kwetu akasimama zizini akanyoosha kidole, moja, mbili, tatu? Ukihesabu unawamaliza. Baba yangu hakuhesabu, mama yangu uliyechukua jina lake hakuhesabu, na siku alipokuja mtu wa sensa alificha watoto wawili ndani ya shamba la mtama. Mimi ninayejisifu mpaka kwa viatu, hilo peke yake ndilo sijawahi kulitoa kinywani. Na hapo ndipo lilipohitajika.

Karatasi ilikuja kwa Kiingereza, Lorna akanisomea kwa sauti ya chini. Inasema sikuonyesha kitu cha kunirudisha nyumbani. Mimi! Mimi ambaye Mombasa nilikaa siku nne nikamwota beberu.

Sokoni nimesema ndege zimejaa. Jioni siwapitishi mbuzi njia ile. Naenda nao upande wa Karurumo, upande ambao haufiki mahali.

Kivuti

*

Graz,
30 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Salamu. Mama yuko salama? Wewe mdomo umerudi? Hii usiisome sokoni. Ndiyo sababu nilikuwa sitaki kuandika: barua zangu zina masikio mengi. Nilitaka ujue wewe kwanza, nikiwa nakuona uso.

Nimezaa, baba. Tarehe kumi na moja, asubuhi, mvulana. Ana kilo tatu na nusu na analia kama ana mkutano wa kuhutubia. Bibi Gerlinde ndiye aliyenishika mkono. Baba yake tuliachana kabla sijakuandikia ile barua ya Desemba, na hatarudi, na mimi sitaki arudi. Hakuna wazee watakaokuja kukaa na wewe, hakuna mbuzi wa mahari atakayeletwa. Najua ulivyonisifu mbele za watu. Samahani kwa hilo tu. Kwa mtoto sitaomba samahani.

Angekuwa na nyumba ya baba yake, angechukua jina la huko. Hana, kwa hivyo nimefuata yetu. Karani hapa aliniomba nimwandikie jina herufi kwa herufi, halafu akalitamka vizuri mara ya kwanza. Kivuti.

Kama umekasirika, usiniandikie. Nitaelewa. Masomo yanaisha Februari mwakani, nitarudi kama mtanipokea wawili. Lakini Jumapili mtaa unaponyamaza, namweka begani tunasimama dirishani, na namwambia: kuna mtu mwingine wa jina hili, anaijua hii barabara kuliko sisi.

Mama yako mdogo,
Kathambi

*

Kiritiri,
17 Agosti 2025

Kwako mama yangu Kathambi, mama yangu wa mara mbili sasa,

Nakusalimu. Namsalimu mzee mwenzangu aliye begani kwako. Mshike shingo vizuri, shingo zetu huchelewa kukaza.

Nikasirike? Mama, barua yako niliisomea zizini peke yangu, na yule beberu mwekundu akanilamba uso kwa sababu ya chumvi. Halafu nikamsomea Celina. Alitoka nje akapiga vigelegele vya mtoto wa kiume, majirani wakaja mbio bila kuuliza ni nini, na lile goti sijui lilibaki wapi. Sokoni barua sikuisoma, nimekutii. Nilisimama tu pale kwa mbuzi nikawaambia, "Watu wangu, nimezaliwa. Tarehe kumi na moja Juni, Geidorf, kilo tatu na nusu." Mmoja akaanza kuuliza baba ya mtoto ni nani. Elphas, Elphas huyu huyu, akamwambia, "Wewe umesikia jina au hukusikia?" Halafu akaniambia nikienda mbuzi wangu atawalisha yeye, na beberu hatamwuza ila nikichelewa.

Mkirudi wawili, tutawapokea wawili. Hilo usiliandike tena kama swali.

Lakini mimi Februari ni mbali. Kwa hivyo nilihesabu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Celina aliingia ndani akafunga mlango ili asisikie. Nilifungua zizi wakatoka mmoja mmoja, na mimi nikasema kwa sauti, na ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Chifu, niliyemwita aje na daftari, akaandika, akapiga muhuri. Nilirudi Nairobi, dirisha lile lile, mwanamke yule yule. Akaniuliza mbuzi, nikamwambia namba. Wewe sikuambii, walioijua tayari wanatosha. Na tena imeshakuwa uongo. Juzi yule mweupe mwenye pembe moja amezaa mapacha. Nilipowaona nilikaa chini nikacheka mpaka Celina akadhani ni kifafa.

Kwa watoto hakupata namba. Hiyo nilishindwa, mama, hata kwa ajili yako. Nilichukua kalamu nikaandika majina, mmoja baada ya mwingine, na wajukuu, mpaka nafasi ikaisha, na jina la mwisho nikaliandika pembeni, wima: Kivuti, Geidorf. Akasoma, akainua macho, akasema, "Hili ni lako mzee, umejiandika." Nikamwambia, "Huyo ametangulia." Hakucheka safari hii. Aliiweka fomu chini ya nyingine polepole. Jibu sijapata.

Sasa sikiza. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa, saa tisa mchana za huku, ambazo kwenu ni saa nane, mfunge mtoto vizuri uende naye mpaka stesheni. Halafu mrudi nyumbani kwa njia ile. Mimi nitakuwa nimekaa juu ya jiwe la zizi, kama bado wananichelewesha na viza, na nitakuwa natembea. Pandeni tremu. Vukeni mto, mshuke uwanja mkubwa. Pandeni Sporgasse polepole, kwa sababu mmoja wetu ni mzee na mmoja ni mdogo. Piteni chini ya lango la mawe. Kwa kastania mgeuze, aione saa, mwambie mkono mkubwa ndio wa saa asije akachelewa kama mamake. Vukeni bustani, lisalimieni kanisa dogo, msisimame Zinzendorfgasse, mtanunua vitu. Mwonyeshe kreti ya soda. Halafu Heinrichstrasse, nyumba ya manjano, na ngazi zote za ghorofa nne.

Mlangoni usifungue haraka. Bisha kwanza. Mwache asikie jinsi Kivuti anavyobisha akifika.

Babako, mwanao, na wajina wa mwanao,
Kivuti