Kiti cha pili cha ndege

Mama Pacha, mumeo asije kwangu leo. Mfichie hata viatu.

Baba watoto ameleta ndege ya vita ya mfano, ya kuunganisha vipande. Ya plastiki, lakini ndefu kama kitanda cha mtoto. Hata gundi hajaifungua, ameshaikata shingo kwa msumeno. Shingo, mwenzangu. Ndege mpya.

Namuuliza imemkosea nini. Ananiambia, "Hii ya kwenye boksi ina kiti kimoja. Nimeagiza pua ndefu ya kuibadilisha, iwe ya viti viwili."

Pua zenyewe zimekuja mbili, hajui achague ipi. Ndiyo maana anamwita mumeo. Amezilaza kwenye meza yangu kama wagonjwa, sisi tunakula tumepakata sahani.

Nikamuuliza, "Kiti cha pili cha nani?"

"Chako, mama watoto." Wala hacheki.

Nikamwambia mimi naogopa ndege. Akafikiri, akaniuliza nitakaa mbele au nyuma.

Nikamjibu nyuma, na mkanda nifungwe vizuri. Nimejisikia mwenyewe nikisema.

Halafu nikamchagulia na pua, ile yenye nafasi ya miguu yangu inayovimba.

Mzuie mumeo. Mimi nimeshachelewa kujizuia.