Shangazi Yake Yuko Wapi

Kalolo, niko kwenye feri, kisiwa cha Vava'u kinabaki nyuma. Nimefukuzwa kwa sababu ya katuni.

Katuni ya watoto, bwana. Niliwawekea Lavinia na kaka yake Mosese, wale wa nyumba niliyopanga chumba. Binti mfalme kalala, mwana mfalme kainama, akambusu.

Mosese akatoka kama aliyechomwa. Lavinia akajifunika mto usoni. Miaka yote hii Tonga, nami nikasahau kwamba kaka na dada hawatazami mapenzi pamoja.

Akaingia shangazi yao Losaline, ambaye neno lake hata baba yao halipingi. Akaitazama skrini. "Huyo msichana, shangazi yake yuko wapi?"

Nikasema anaokolewa.

"Anaokolewa na nani? Mgeni anambusu mtu aliyelala, ukoo mzima kimya? Mzee, feri ya leo ipo."

Shangazi yake yuko wapi. Hadithi hizo nazijua tangu utotoni, sijawahi kuuliza.

Basi, Mosese kahamia kwa mjomba wake. Lavinia hakuniaga. Losaline kabaki anaimalizia katuni peke yake. Chumba changu kapewa mwalimu wa kwaya. Mimi nashuka visiwa vya Ha'apai, sina mwenyeji.